Silaha Zisizokata: Historia ya Visu vya Pembe vya Urega

Kisu cha pembe cha Walega hakina makali. Bapa na mpini ni kipande kimoja cha pembe ya ndovu au mfupa, kingo zimesuguliwa zikawa laini, na vingi ni vidogo vya kutosha kiganjani. Hakiwezi kuchinja hata kuku. Hata hivyo, katika misitu iliyo magharibi ya Bukavu, katika wilaya za Mwenga na Shabunda za Kivu Kusini na ile ya Pangi huko Maniema, kulikuwa na wanaume waliofanya kazi nusu ya maisha yao, wakalipa mbuzi, chumvi na fedha za simbi, ili siku moja wapate haki ya kukishika. Pamoja na visu hivyo kulikuwa na mashoka ya pembe, nyundo za pembe, miundu ya pembe na vijiko vya pembe. Vyote ni mifano ya zana halisi, na vyote vilitengenezwa vionekane, si vitumike.

Silaha za namna hiyo hazikuwa za Urega, nchi ya Walega, peke yake. Kongo ni moja ya nchi zenye historia ndefu ya silaha zilizotengenezwa kwa ajili ya macho. Wakuba wa Kasai husimulia kwamba mfalme wao Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, alipiga marufuku kisu cha kurusha cha vitani na kuleta mahali pake kisu cha amani kiitwacho ikul. Bapa la ikul ni pana kama jani, na waungwana wengi walivaa ikul yenye bapa la mti mtupu, iliyochongwa kwa ufundi na wakati mwingine kutiwa nakshi za shaba. Katika sanamu za wafalme wa Kikuba, ambazo Emil Torday alizipeleka katika jumba la makumbusho la Uingereza baada ya safari yake ya 1907 hadi 1909, mfalme ameketi ameikunja miguu yake, na mkono wa kushoto umeshika kisu hicho. Chini ya Kisangani, kwenye mto Kongo, Watopoke na Walokele walifua mabapa ya mikuki yenye urefu wa mita moja na nusu na zaidi. Hakuna askari angeweza kupigana na kitu kama hicho. Ilikuwa mali ya kulipia mahari na madeni makubwa, na ukubwa wake ndio uliokuwa thamani yake. Anayeziona silaha hizo leo zimesimamishwa ukutani hudhani zilitoka katika ndoto ya mchoraji wa hadithi za mashujaa, lakini zilitoka katika kalibu za wahunzi waliojua hasa walichokuwa wakikifanya.

Tofauti ya Walega ni kwamba kwao silaha ya mfano iliingizwa katika taratibu za elimu nzima. Hawakuwa na mfalme. Mamlaka yalikuwa mikononi mwa bwami, chama cha ngazi kwa ngazi kilichokuwa wazi kwa kila mwanamume aliyetahiriwa, ambacho hakifanani na ufalme wa Bashi wa Kabare na Ngweshe unaoitwa kwa jina hilohilo. Ngazi za wanaume zilikuwa tano katika sehemu nyingi: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio na kindi. Wake nao walipanda, na mke wa mtu wa kindi alifikia daraja la bunyamwa. Hakuna aliyepanda peke yake. Mwanaume alihitaji ukoo wa baba, wajomba na wakwe wamchangie, na kabla ya kumchangia walimtazama: ni mtu mpole au mgomvi, anagawa au anaficha? Kwa hiyo aliyefika juu alikuwa amepimwa na watu wengi kwa miaka mingi. Waliofika kilele cha kindi walikuwa wachache.

Katika kila ngazi mafundisho yalitolewa kwa vitu. Kikapu au mfuko ulifunguliwa, na vilivyomo vikapangwa chini kimoja kimoja: magamba ya kakakuona, midomo ya ndege, ngozi, majani, mafuvu ya nyani, na katika ngazi za juu sanamu na vinyago. Vinyago vya mti vilikuwa vya yananio. Sanamu ndogo na vinyago vya pembe vilikuwa vya kindi. Mwalimu alikishika kitu, akakicheza kwa mwendo wake, akaimba methali yake, na wenzake wakaitikia. Kitu kimoja kingeweza kubeba methali kadhaa, kulingana na kilivyoshikwa na kilivyowekwa karibu na nini. Sanamu nyingi zilihusu tabia mbaya: mzee anayefuata wanawake, mgomvi asiyesikia, mtu aliyejiharibia jina. Kutazama bila kusikia wimbo hakukumfundisha mtu lolote, na aliyekuwa nje ya ngazi hiyo hakuruhusiwa hata kutazama.

Ndiyo maana kisu cha pembe hakikuhitaji makali. Mtu aliyeingia kindi alikuwa ameacha ugomvi, na silaha yake ilikuwa ile isiyoweza kumjeruhi mtu. Umbo la silaha lilibaki, nguvu yake ikahamia kwenye neno. Jambo hili halitazamwi vya kutosha na watu wanaoandika juu ya sanaa ya Kongo, ambao mara nyingi hukaa juu ya vinyago na kupita zana ndogo kwa mstari mmoja. Lakini zana hizo zinaonyesha wazi kuliko vinyago jinsi Walega walivyofikiri juu ya mabavu na adabu.

Mchongaji hakuwa lazima mtu wa bwami, na jina lake halikuhifadhiwa. Kitu kiliagizwa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kukipokea, si kwa sababu fundi alipata wazo. Uzuri wenyewe ulikuja baadaye, kwa matumizi. Pembe mpya ni nyeupe na kavu. Walega walizisugua kwa majani ya kukwaruza, wakazipaka mafuta na unga mwekundu wa mti, kama walivyojipaka wao wenyewe siku za sherehe, na kitendo hicho kikarudiwa kizazi baada ya kizazi mpaka pembe ikageuka rangi ya asali, au nyekundu ya kahawia, na pua na macho ya sanamu yakaanza kufifia. Kuna pia vipande vilivyopunguzwa kwa makusudi: unga uliokwanguliwa kwenye pembe ulichanganywa na maji, akanyweshwa mgonjwa. Mwenye kitu alipokufa, vitu vyake viliwekwa juu ya kaburi lake kwa muda, kisha vikashikwa na mlinzi hadi apatikane wa ukoo aliyestahili kuvirithi. Hakuna aliyeviita vyake kwa maana ya kuweza kuviuza. Vilikuwa vizito, walisema, na neno lao la kuvitaja vyote kwa pamoja, masengo, linabeba uzito huo.

Jirani za Walega upande wa kaskazini, Wanyanga wa Walikale, wanayo hadithi inayosaidia kuelewa. Shujaa wao Mwindo, ambaye utenzi wake ulitambwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969, anazaliwa akiwa na silaha mkononi. Silaha kuu si upanga wala mkuki. Ni usinga, fimbo fupi yenye mkia wa mnyama, ileile inayobebwa na wakuu. Kwa usinga huo anavuka maji, anashuka kuzimu na kuwafufua waliokufa. Mwisho wa utenzi Mwindo anaadhibiwa na nguvu za mbinguni kwa kiburi chake, na anarudi kutawala kwa upole. Katika sehemu hii ya Kongo, chombo cha shujaa ni kile kinachotangaza haki ya mtu kusema, na hilo ndilo wazo lililokaa pia katika kikapu cha bwami.

Wageni wa kwanza wenye bunduki na majambia kufika pembezoni mwa Urega walikuwa watu wa pwani, Waarabu na Waungwana waliotoka Zanzibar na kujenga miji yao Nyangwe, Kasongo na Kabambare. Vita vya 1892 hadi 1894 viliwaondolea utawala wao, na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili ikachukua nafasi. Kwa maofisa wa dola hiyo, silaha za wenyeji zilikuwa kumbukumbu za kupeleka nyumbani. Maonyesho ya Tervuren ya mwaka 1897, karibu na Brussels, yalizipanga ukutani kwa mafungu, mikuki na visu kama miale ya jua, na kutoka hapo likazaliwa jumba la makumbusho ambalo jengo lake kubwa lilifunguliwa 1910. Mwaka mmoja kabla, 1909, ofisa Charles Delhaise alikuwa amechapisha kitabu juu ya Walega. Ni cha mapema, na kina habari nyingi, lakini bwami ndani yake haionekani vizuri, kwa kuwa mwandishi alitazama kutoka nje ya ua.

Serikali ya kikoloni haikupenda chama ambacho kilikusanya watu, kilikusanya mali na kilifanya siri. Uasi wa dhehebu la Kitawala wa mwaka 1944, katika maeneo ya Masisi na Lubutu, uliitia hofu zaidi. Mwaka 1948 bwami ilipigwa marufuku rasmi. Vikapu vilifichwa, vingine vikachukuliwa, na baadhi ya warithi, wakijikuta na vitu ambavyo sheria ilivikataza na dini mpya ilivikemea, wakaviacha viende. Hiyo ndiyo miaka ambayo sanaa ya Walega ilianza kuonekana kwa wingi Ulaya.

Wakati huohuo elimu kuhusu vitu hivyo iliokolewa kwa njia ambayo haikutarajiwa. Mwaka 1947 Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa Lwiro, kwenye milima ya Kabare, kaskazini ya Bukavu, mji ulioitwa Costermansville hadi miaka ya 1950. Mtafiti wake Daniel Biebuyck alikaa na Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaruhusiwa kuhudhuria mafundisho ambayo mgeni hakuwahi kuyaona, na akaandika methali pamoja na kitu kilichoimbiwa kila moja. Kitabu chake cha 1973 ndicho kinachofanya leo iwezekane kusema chochote cha maana juu ya kisu cha pembe. Bila yeye, au tuseme bila wazee waliokubali kumfundisha ilhali chama chao kilikuwa kimekatazwa, kila jumba la makumbusho lenye kipande cha Kilega lingekuwa na pembe nzuri isiyosema neno.

Barabara zilizotoa vitu Urega zilikuwa barabara za madini. Kampuni ya MGL ilichimba dhahabu Kamituga, na makampuni mengine yakachimba bati hadi Maniema. Nicolas de Kun, mtaalamu wa madini aliyefanya kazi katika maeneo hayo kabla ya uhuru, alikusanya vitu vya Walega na kuviandikia makala iliyochapishwa Tervuren mwaka 1966. Baada ya uhuru wachuuzi wakashika njia hiyohiyo: kutoka kijijini hadi Bukavu, kutoka Bukavu hadi Kigali, Bujumbura au Nairobi, na kutoka huko hadi Brussels, Paris na New York. Kila hatua bei ilipanda na maelezo yakapungua. Methali ilibaki kwa mzee, jina la ukoo likapotea kwa mchuuzi wa kwanza, na kijiji kwa wa pili. Kilichofika dukani Brussels kiliandikwa tu: Lega, pembe, Kongo.

Mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa vitu hivi alikuwa Mmarekani Jay Last, aliyezaliwa 1929 na kufariki 2021. Alikuwa mwanafizikia. Mwaka 1957 yeye na wenzake saba waliacha kazi kwa William Shockley na kuanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor huko California, na kikundi alichokiongoza ndicho kilichotengeneza mwaka 1960 saketi ya kwanza iliyounganishwa kwenye kipande kimoja cha silikoni. Kompyuta, simu na mashine za michezo ya video za baadaye zote zimejengwa juu ya kazi hiyo. Mkusanyo wake wa Kilega ulionyeshwa katika jumba la makumbusho la Fowler, Los Angeles, na kuandikiwa kitabu na Elisabeth Cameron mwaka 2001. Kitabu hicho kilijitahidi kurudisha maneno kwenye vitu, kwa kuegemea kazi ya Biebuyck, na ni mfano mzuri wa mkusanyaji aliyetaka kujua anachokishika.

Mashine hizo za michezo zilikuja kugusa Urega kwa njia nyingine. Ndani yake kuna vipande vidogo vinavyohifadhi umeme, na baadhi hutengenezwa kwa tantalamu, metali inayotoka katika koltani. Mwaka 2000, mwaka ambao PlayStation 2 ilitoka na simu za mkononi zilikuwa zikienea kila nchi, bei ya tantalamu ilipanda mara kadhaa katika miezi michache, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Kivu ilikuwa katika vita. Mnamo Novemba 2000 waasi wa RCD walioitawala Bukavu waliipa kampuni ya SOMIGL haki ya peke yake ya kununua koltani. Watu wa Shabunda na Mwenga waliacha mashamba wakaingia mashimoni, au walikimbia vijiji kwa sababu ya makundi yenye silaha. Katika hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa 1970 na inayofika hadi nchi ya Walega, ndovu waliuawa kwa wingi. Mtu anayekimbia usiku na watoto hachukui kikapu cha babu yake kwanza, na hakuna anayeweza kumlaumu.

Michezo yenyewe imezaa ukusanyaji wake. Upanga mkubwa wa shujaa Cloud katika Final Fantasy VII ya mwaka 1997, wenye bapa pana kama ubao na urefu unaokaribia wa mshikaji, na upanga wa Link katika The Legend of Zelda, hutengenezwa kwa chuma cha pua na kuuzwa pamoja na kibao cha kutundikia ukutani. Hazina makali ya kazi. Katika nyingi, ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini ni mwembamba, wakati mwingine ni fito tu iliyochomelewa, na ukiupunga kwa nguvu bapa linaweza kuchomoka na kuruka. Wakusanyaji wanalijua hilo na hawazipungi. Wanaonunua panga hizo si watoto waliochanganyikiwa. Wamecheza mchezo kwa makumi ya saa, wanajua upanga ulitoka kwa nani na ulirithiwa vipi, na bila kisa hicho chuma kilicho ukutani hakina maana kwao. Kwa hilo wako karibu zaidi na mzee wa bwami kuliko mnunuzi wa mnada anayetafuta rangi ya asali ili ilingane na meza yake. Tofauti nayo ni kubwa: upanga wa Cloud hupatikana kwa fedha peke yake, na hakuna ukoo unaokaa kuamua kama mnunuzi anastahili.

Huko Bukavu, mifano ya Kilega inaendelea kuchongwa kwa ajili ya wageni. Biashara hiyo ilipata nguvu katika miaka ambayo watalii walipita mjini kwenda kuona sokwe wa Kahuzi-Biega, na baadaye wanunuzi wengi wakawa wafanyakazi wa mashirika ya misaada. Kwa kuwa biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilikatazwa na mkataba wa CITES kwa uamuzi wa mwaka 1989, wachongaji hutumia mfupa wa ng'ombe au mti. Kuchonga mfano mpya na kuuza kama mpya ni kazi ya halali na ya ufundi, na inastahili kununuliwa kwa bei nzuri. Ubaya huanza pale mfupa unapofukiwa udongoni, kupakwa mafuta na moshi, na kuuzwa kama urithi wa kindi. Anayetaka kutambua huanza na sehemu iliyokatwa. Pembe ya ndovu, ikitazamwa kwenye ncha iliyokatwa, ina mistari myembamba inayopishana kama nyavu. Mfupa hauna mistari hiyo. Una vitundu na vistari vidogo vyeusi, mahali ambapo mishipa ya damu ilipita. Kisha hutazamwa ulaini. Kitu kilichoshikwa vizazi vitatu kimelika pale vidole vinapokaa na kubaki na mikunjo mikali pale visipofika, ilhali kilichozeeshwa wiki moja kimelika sawasawa pande zote.

Baadhi ya vitu vya zamani vimebaki karibu. Wamisionari Waksaveri, waliofika Kivu mwaka 1958 na kufanya kazi Urega, wanatunza mjini Bukavu jumba la makumbusho lenye vitu vya Walega, na kwa mwanafunzi wa Bukavu hapo ndipo mahali pa kuviona bila viza. Vilivyo vingi vimebaki nje. Mnamo Februari 2022 waziri mkuu wa Ubelgiji aliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu takriban 84,000 vilivyomo Tervuren. Mwezi Juni mwaka huohuo mfalme Philippe alikuja Kongo, akafika Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu, akileta kinyago cha Wasuku kwa jumba la makumbusho la taifa lililofunguliwa Kinshasa mwaka 2019. Mwezi Julai sheria ya Ubelgiji ikafungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Sheria hiyo inahusu mali ya dola. Visu vya pembe vilivyouzwa na wachuuzi viko zaidi katika nyumba za watu binafsi na katika minada, na huko haifiki.